Unaliwa Nini?

Ganda nililiokota stesheni, nyuma ya ghala la vifurushi,
siku yangu ya mwisho ya kukata tiketi.
Jeusi, refu kama ala ya panga,
ukilitikisa linanong'ona cha, cha, cha.
Wenzangu walinipa khanga doti mbili na hotuba.
Ganda nilijipa mwenyewe.

Mkrismasi, huu wa maua mekundu,
si ule wa pamba na taa.

Nikachemsha maji, nikayamimina juu ya mbegu saba,
nikafunika sahani, nikalala.
Asubuhi tano zimevimba kama macho ya mfiwa,
mbili zimegoma.
Katika miche mitano, mmoja kaudonoa kuku,
miwili kaila mchwa
(mchwa wa Isevya habagui, alishakula cheti changu cha ndoa),
mmoja niliukanyaga mwenyewe nikikimbilia simu.
Ukabaki wewe.

Bi Nyanzala akachungulia juu ya ua wa minyaa:
"Unaliwa nini?"
"Hauliwi."
"Dawa, basi?"
"Sijasikia."
"Hata mkaa?"
"Mkaa wake majivu matupu."
Akacheka hadi kilemba kikamlegea.
"Kalunde, mwenzangu, ungepanda muhogo."

Kiangazi cha mgao wa maji
ulikunywa nilichokunywa mimi, kwa zamu:
maji ya kuoshea mchele, ya kusuuzia vikombe,
ya kumwogesha mjukuu, yenye povu na mchanga.
Nilikuwa nakumwagia usiku,
nisionekane.

Mwaka wa tatu ukanipita kimo.
Wa tano ukagusa bati.
Wa saba, majani;
wa nane, majani,
membamba kama vitana vya mwanasesere,
yanajikunja magharibi kama yamechoka kuulizwa.
Shemeji Mihambo akaja na shoka lake begani:
"Mizizi ya huu inapasua msingi."
Nikamwambia msingi wangu mzima.
Ule ufa wa barazani nilishauziba na saruji
na kigoda nikauwekea juu.

Mwaka wa tisa, Novemba,
baada ya mvua moja tu, ile ya kulaza vumbi,
ukachanua.
Tawi moja!
Na tawi lenyewe, ewe mti usio na haya,
ni lile lililovuka minyaa
likaning'inia juu ya uwanja wa Bi Nyanzala.
Kwangu kijani. Kwake moto.

Kila alfajiri nikamsikia na fagio lake,
chwa, chwa, na katikati ya chwa jina langu:
"Kalunde! Njoo uzoe takataka zako!"
Nami kitandani natabasamu gizani,
na wivu umenikaa kooni.

Wiki ya pili, kimya.
Jua likapanda, fagio halijalia.
Nikajifunga khanga nikazunguka, moyo mkononi.

Nikamkuta ameketi na ungo wa mchele.
Ardhi yote nyekundu, hata kisigino hakijapita.
Petali mbili ndani ya mchele, moja begani,
nyuki mmoja anamzunguka, na hamfukuzi.

"Unaumwa?"
"Niumwe nini? Nangoja yaishe kudondoka.
Kufagia mara mbili ni ujinga."

Akapepeta. Akapepeta tena mchele uliokwisha kuwa safi.
Kisha, bila kuinua uso:
"Yale maganda yake... yanakauka lini?"
"Mpaka kiangazi. Lakini, Bi Nyanzala, hauliwi."
"Kwani nani kauliza habari ya kula?"

Nikarudi kwangu kuchukua kigoda.
Ufa umefunguka tena, unapita kidole.
Nikauruka,
nikaenda kukaa upande wa pili,
kwenye maua yangu.